Kutoka mkasi hadi shaba: jinsi ya kuisoma safari ya maonyesho ya Wangechi Mutu

SWALI: Shikamoo. Mimi ni binti ninayesoma sanaa za ufundi, mwaka wa pili, Dar es Salaam. Nimepewa kazi ya kuandika kurasa kumi kuhusu maonyesho ya Wangechi Mutu, msanii wa Kenya na Marekani. Orodha niliyoipata ni ndefu mno, imejaa miji, miaka na majina, na sijui lipi zito na lipi jepesi. Tena sielewi ilikuwaje mtu aliyejulikana kwa kukata na kubandika picha za magazeti akaweka sanamu za shaba mbele ya jumba la makumbusho la Metropolitan kule New York. Naomba unisaidie.

JIBU: Marahaba, binti. Naanza na swali lako la mwisho, maana ukilielewa hilo orodha nzima itajipanga yenyewe.

Mutu alikuwa mchongaji kabla ya kujulikana kwa kolaji, yaani hizo picha za kukata na kubandika. Alizaliwa Nairobi mwaka 1972, akamalizia sekondari Wales, akaingia chuo cha Cooper Union mjini New York na kuhitimu mwaka 1996. Kisha akaenda Chuo Kikuu cha Yale, na shahada ya uzamili aliyoipata huko mwaka 2000 ni ya uchongaji. Watu wengi wanaoandika habari zake hulisahau jambo hili, ndiyo maana zile shaba za 2019 huwashangaza kama mvua ya kiangazi. Wewe liweke kwenye ukurasa wako wa kwanza. Karatasi ilikuwa njia aliyoipitia mchongaji huyu kwa miaka mingi, na hata alipokuwa juu ya karatasi aliendelea kuunda miili.

Zitazame kolaji zenyewe kwa karibu. Katikati ya miaka ya 2000 alichukua michoro ya zamani ya vitabu vya tiba inayoonyesha magonjwa ya kizazi cha mwanamke, akabandika juu yake macho, midomo na vipande vya manyoya mpaka mchoro ukawa uso unaokutazama. Mfululizo huo una karatasi 12 na jina lake ni la kitabibu: Histology of the Different Classes of Uterine Tumors. Baadaye akaingia kwenye Mylar, karatasi ngumu ya plastiki ya poliesta. Mylar hainywi maji. Ukimwaga wino juu yake, wino hauzami. Unatuama kama maji kwenye sinia, ukikauka unaacha madoa yenye kingo, yanayofanana na ngozi yenye ugonjwa au ya chui. Hapo ndipo ilipotoka ile ngozi ya ajabu ya wanawake wake. Ukijaribu kuiga kwenye karatasi ya kawaida utashindwa, kwa sababu karatasi itaufyonza wino na doa litafifia.

Hata maonyesho yake ya mwanzo hayakuishia kwenye fremu. Mwaka 2006, pamoja na mbunifu majengo David Adjaye, aligeuza chumba cha galari ya Salon 94 mjini New York kuwa ukumbi wa karamu iliyooza: ngozi za wanyama ukutani, kuta zilizotobolewa kama zimejeruhiwa, na chupa za mvinyo zilizoning'inizwa zikidondokea meza. Mwaka 2008 akatengeneza Suspended Playtime. Hii, sisi tuliokua tukicheza chandimu uwanjani hatuhitaji kuelezwa: ni mipira ya mifuko ya plastiki iliyofungwa kwa kamba, mingi, imening'inia kutoka darini hadi karibu na sakafu, pasipo mtoto hata mmoja wa kuipiga. Mwaka huohuo, kwenye maonyesho ya Prospect.1 mjini New Orleans, alisimamisha kiunzi cha nyumba kilichozungushiwa taa katika mtaa uliosombwa na mafuriko ya kimbunga Katrina cha 2005. Kazi hiyo inaitwa Mrs. Sarah's House. Huyo ndiye mtu ambaye wakati ule magazeti yalikuwa bado yanamwita msanii wa kolaji.

Sasa tuje kwenye orodha. Kabla ya kuandika neno lolote, chukua kalamu nne za rangi na uweke alama kila mstari kwa kujiuliza swali moja: nani alilipa? Galari ya biashara, kama Victoria Miro ya London, Susanne Vielmetter ya Los Angeles au Gladstone ya New York, hulipa kwa sababu inatarajia kuuza. Maonyesho yake huchukua wiki sita hadi nane hivi, kazi ni mpya, na hapo utaona msanii alikuwa anafikiria nini mwaka ule. Jumba la makumbusho hulipa kwa fedha za wafadhili, huazima kazi kwa wenye nazo, hutoa kitabu, na hukaa miezi mitatu minne. Bienale, yaani maonyesho makubwa yanayorudi kila baada ya miaka miwili, humwalika msanii kuwa mmoja kati ya wengi. Ndani yake kuna chumba kimoja au kona tu, lakini macho yanayopita ni mengi. Halafu kuna kazi ya kuagizwa: jumba linamwambia msanii atengeneze kitu kwa ajili ya mahali maalumu, nalo linagharimia. Ukimaliza kuweka rangi utaona kwamba galari zimetapakaa kote, makumbusho yanajaa kuanzia 2010, na maagizo yanapamba moto baada ya 2017. Hiyo ndiyo ramani yako.

Mwaka 2010 ni nguzo. Benki ya Deutsche ilianzisha tuzo ya msanii wa mwaka, na wa kwanza kuipewa alikuwa Mutu. Tuzo ilikuja na maonyesho ya pekee, My Dirty Little Heaven, katika Deutsche Guggenheim mjini Berlin. Mwaka huo alikuwa pia na maonyesho katika Art Gallery of Ontario, Toronto. Sipendi kuzipa tuzo uzito kuliko kazi, lakini hii ilimtoa kwenye kuta za galari na kumpa jengo.

Nguzo ya pili ni A Fantastic Journey, na hapa wanafunzi wengi huteleza. Yalikuwa maonyesho ya mapitio, yenye kazi zaidi ya 50 tangu katikati ya miaka ya 1990, yaliyoandaliwa na Trevor Schoonmaker katika Nasher Museum of Art, Chuo Kikuu cha Duke, Machi 2013. Yakahamia Brooklyn Museum Oktoba 2013, yakakaa hadi Machi 2014, kisha yakaenda North Miami, na mwisho Block Museum karibu na Chicago. Kwenye orodha yako utaona mistari minne. Usihesabu maonyesho manne. Ni moja lililosafiri. Ukisema mwaka 2013 na 2014 alifanya maonyesho manne makubwa ya pekee Marekani, umeshaharibu hesabu.

Tena usidhani kilichoonekana Duke ndicho kilichoonekana kwenye kila kituo. Karatasi huzeeka kwa mwanga. Makumbusho mengi huweka kazi za karatasi kwenye mwanga usiozidi laksi 50 (laksi ni kipimo cha mwanga), hafifu kiasi kwamba ukiingia kutoka nje macho hukaa kwanza kabla ya kuona. Unyevu hewani hushikiliwa karibu asilimia 50. Baada ya miezi mitatu au minne, mwenye kazi anaweza kutaka ipumzishwe gizani. Kolaji ina shida zaidi ya mchoro wa kawaida, kwa sababu kila kipande kina tabia yake: karatasi ya gazeti ina asidi, hugeuka njano na kukauka, Mylar haigeuki wala hainyonyi unyevu, gundi iliyo kati yao inavutwa huku na huku. Unyevu ukipanda na kushuka, gazeti linatanuka na kusinyaa, Mylar inabaki ilivyo, na ncha za vipande zinaanza kuinuka. Lulu za plastiki na vimetameta vya kubandika huanguka kwenye mtikisiko wa lori. Kwa hiyo kazi hizi husafiri kwenye makasha yenye sponji, zikiwa zimelazwa au kusimamishwa kulingana na zilivyotengenezwa, na kila kituo hufungua kasha, hulinganisha kazi na picha za ripoti ya hali, huandika kila mkwaruzo, ndipo huitundika. Ukipata karatasi ya orodha ya kazi ya kila kituo, zilinganishe moja moja. Tofauti utakazoziona ni habari nzuri kwa kurasa zako.

Kwenye A Fantastic Journey ndipo ilipotoka filamu yake ya kwanza ya vikaragosi, The End of eating Everything, iliyoagizwa na Nasher, mwimbaji Santigold akiwa uso wa kiumbe kikubwa kinachokula ndege. Kuta za baadhi ya vyumba zilivalishwa mablanketi ya kijivu, yale ya kufungia mizigo wakati wa kuhama. Mchongaji alikuwa amesharudi.

Kabla ya shaba nikukumbushe faida uliyo nayo wewe na waandishi wengi wa New York na London hawana: unaelewa majina. Mwaka 2012 aliyaita maonyesho yake ya Los Angeles Nitarudi Ninarudi. Mgeni hupewa tafsiri moja kavu. Wewe unasikia nyakati mbili zinavyogongana, ahadi ya kesho na mwendo ulioanza tayari, ndani ya kitenzi kilekile. Mwaka 2014, kwa Victoria Miro, London, aliyaita Nguva na Nyoka. Kiingereza kiliweka neno la wale wanawake wa baharini wa Kigiriki wanaoimba na kuwapoteza mabaharia. Lakini nguva wa pwani yetu ni mnyama kwanza, mwenye nyama na mafuta, aliyekuwa akinaswa na nyavu za wavuvi hadi akawa adimu, na hadithi za mwanamke wa majini zinakuja baadaye. Maana hizo mbili zinabadilisha namna ya kutazama kazi zilizokuwamo. Ziandike.

Ila tahadhari na Ndoro na Miti, ya Gladstone mwaka 2017. Inasomeka kama Kiswahili, na miti ni miti kweli, lakini hili ni jina la Kigikuyu, maana yake tope na miti. Kwenye kamusi zetu ndoro ni pambo la shingoni. Ukitafsiri kwa Kiswahili utaandika kitu kisichokuwepo, wakati jina lenyewe linakutajia malighafi: kuanzia katikati ya miaka ya 2010 Mutu alikuwa na karakana Nairobi, na udongo mwekundu wa huko, matawi, mbegu na vibuyu vikaanza kuwa mwili wa sanamu zake. Sentinel I ya 2018, iliyoonyeshwa kwenye Whitney Biennial ya 2019, imetengenezwa kwa rojo la karatasi, gundi ya mbao, zege, mbao, shanga za kioo, mawe, kibuyu na vito vya kujipamba. Soma tena mwanzo wa orodha hiyo: rojo la karatasi na gundi. Ni kolaji ileile, imesimama kwa miguu.

Nguzo ya tatu ni Venice, 2015, maonyesho makuu ya bienale yaliyosimamiwa na Okwui Enwezor, All the World's Futures. Mutu alileta vitu vitatu pamoja: kolaji iitwayo Forbidden Fruit Picker, sanamu iitwayo She's Got the Whole World in Her, na filamu ya skrini tatu iitwayo The End of Carrying All, ambamo yeye mwenyewe anatembea na kikapu kichwani, kikapu kinazidi kujaa vitu hadi majengo, mpaka ardhi inammeza. Ukitaka siku moja ambayo karatasi, sanamu na filamu zilisemeshana mbele ya dunia nzima, ndiyo hiyo. Na usije ukaandika kwamba aliiwakilisha Kenya. Banda la Kenya, yaani sehemu ya nchi kwenye bienale hiyo, mwaka huo lilikuwa kitu kingine kabisa: orodha yake ilijaa wasanii kutoka China, Wakenya wakihesabika kwa vidole, na serikali ikalikana. Mutu alialikwa kwenye maonyesho makuu kwa jina lake. Tofauti hiyo ina heshima yake.

Sasa Metropolitan. Uso wa jumba hilo upande wa Fifth Avenue, uliobuniwa na Richard Morris Hunt, ulikamilika mwaka 1902. Una zidaka nne kubwa, yaani nafasi zilizoachwa ndani ya ukuta, zilizokusudiwa kuwekwa sanamu, kama zidaka za nyumba za kale za Lamu zinavyongoja vyombo vya kaure. Hazikuwahi kuwekwa kitu. Septemba 2019, miaka 117 baadaye, Mutu akawa msanii wa kwanza kuzijaza, kwa agizo la jumba lenyewe. Maonyesho yaliitwa The NewOnes, will free Us, na sanamu ziliitwa The Seated I, II, III na IV. Ni wanawake wanne walioketi, kila mmoja kama mita 2 kwenda juu, miili imezungushiwa mikunjo kama nyuzi nene au kamba, na kila mmoja ana kisahani cha shaba kilichong'arishwa kwenye sehemu tofauti ya kichwa. Jua likipiga kisahani, mwanga unarudi barabarani na mpita njia anaukuta machoni. Mutu alikuwa anajibu sanamu za kale za wanawake wanaobeba paa au kiti cha mfalme kichwani, za Ugiriki na za Afrika vilevile. Wake wameketi, hawajabeba chochote.

Kwa nini shaba nyeusi, ile wengine wanayoiita bronzi? Kwa sababu udongo, karatasi na kibuyu havihimili hata msimu mmoja wa theluji. Kusubu sanamu ya ukubwa huo kuna hatua ambazo ni vizuri uzijue ili usiandike kwamba imechongwa kwenye shaba. Kwanza msanii anaunda umbo kwa udongo au kitu kingine laini. Juu yake hupakwa silikoni inayoshika kila alama ya kidole, na nje ya silikoni huwekwa ganda gumu la plasta ili lisiporomoke. Ndani ya kalibu hiyo humiminwa nta na kuachwa unene wa milimita 5 au 6, ikiwa tupu katikati. Nta inatolewa, inarekebishwa kwa mkono, inafungwa mirija ya nta itakayokuwa njia za kuingizia shaba na kutoa hewa. Kisha huchovywa kwenye uji wa seramiki na kunyunyiziwa mchanga laini, ikaushwe, irudiwe, mara saba hadi kumi. Ganda likiingia tanuruni nta inayeyuka na kutoka, na mahali pake inaingia shaba iliyoyeyushwa kwenye nyuzi joto 1,100 hadi 1,200 za Selsiasi. Sanamu ya mita 2 haisubiwi kwa mkupuo mmoja. Hukatwa vipande vikiwa vya nta, vikasubiwa kimoja kimoja, kisha vikaunganishwa kwa kuchomelea.

Mambo mengi yanaweza kuharibika njiani. Hewa ikikosa pa kutokea, shaba haifiki ncha na kidole kinakosekana. Sehemu nene ikipoa mwisho hubonyea, kwa sababu metali ya aina hii husinyaa ikiganda na kupoa. Ndiyo sababu ukuta wa nta huwa na unene uleule kila mahali. Ganda likibaki na unyevu linaweza kupasuka wakati wa kumimina. Na fundi akichomelea kwa waya wenye mchanganyiko tofauti na wa sanamu, mstari hauonekani kwanza. Unajitokeza pale kemikali ya rangi inapopakwa kwa moto, kwa kuwa metali mbili hazigeuki rangi sawa. Uzito nao uukadirie: ngozi ya shaba ya milimita 5 ina zaidi ya kilo 40 kwa kila mita ya mraba. Mwili wenye mita za mraba 5 hadi 8 unafika kilo 200 hadi 340 kabla ya kuweka kiunzi cha ndani. Kwa hiyo kuweka sanamu kwenye kidaka cha jengo la kale ni kazi ya wahandisi, winchi na nondo za kushikilia. Visahani vilivyong'arishwa huhitaji kulindwa kwa nta au vanishi, la sivyo mvua huvifubaza.

Tarehe zake pia zichunge. Maonyesho yalitangazwa kuisha Januari 12, 2020, yakaongezewa muda hadi Juni, kisha ugonjwa wa korona ukavuruga kalenda. Ukikuta vyanzo viwili vinatofautiana, kimoja kinataja tarehe iliyopangwa na kingine iliyotokea. Metropolitan ilinunua The Seated I na III, na agizo la uso wa jengo likawa desturi: Carol Bove alifuata mwaka 2021, Hew Locke 2022.

Baada ya hapo orodha inakwenda kasi. Mwaka 2021, Legion of Honor ya San Francisco ilimpa uwanja na vyumba vyenye sanamu za Rodin, mchongaji wa Ufaransa. Uani, karibu na yule mwanamume wa shaba aliyeinama kufikiri, Mutu alilaza miili miwili ya shaba iliyofunikwa mikeka, mikono na miguu imejitokeza, kucha zimepakwa rangi, viatu vya visigino virefu. Inaitwa Shavasana I na II, mlalo wa maiti kwenye yoga. Kama utaweka picha moja tu kwenye kazi yako, weka hiyo. Mwaka 2022 ikafuata Storm King, bustani ya sanamu jimbo la New York, na sanamu yake In Two Canoe. Mwaka 2023 New Museum ya New York ilimpa jengo lote kwa maonyesho ya mapitio, Intertwined, kazi zaidi ya 100, ambayo mwaka 2024 yalikwenda New Orleans Museum of Art. Tena hesabu moja, vituo viwili. Na ni mji uleule alikosimamisha kiunzi cha nyumba yenye taa miaka 16 kabla.

Mwaka 2025 akaingia Galleria Borghese, Roma, kwa maonyesho Black Soil Poems. Hapo utakutana na jambo litakalokuchanganya: wawili kati ya wanawake wale walioketi walionekana nje ya jengo la Roma, wakati Metropolitan nayo ina wake. Hakuna kosa. Sanamu ya kusubu hutoka kwa nakala chache zilizopewa namba, zote halali, na kila moja yaweza kuwa na mwenyewe. Popote utakapotaja shaba yake, andika jina, mwaka, namba ya nakala kama imetajwa, na ni nani mwenyewe aliyeiazimisha. Kwa kolaji hilo halitokei. Karatasi ni moja, na ikiwa Brooklyn haiwezi kuwa London.

Kurasa zako kumi zigawe hivi: mbili kwa miaka hadi 2010, tatu kwa A Fantastic Journey na Venice, tatu kwa Ndoro na Miti hadi Metropolitan, mbili kwa yaliyofuata. Maonyesho ya pamoja mengine yote yatie kwenye jedwali mwishoni, jina, mji, mwaka, bila maelezo. Na kabla ya kuanza ukurasa wa kwanza, tafuta picha za chumba cha Venice 2015, ukae nazo saa nzima, uorodheshe ni vitu gani vya kwenye kolaji vimerudi kwenye sanamu na vipi vimerudi kwenye kikapu cha ile filamu.